Waya Usiotoza Ushuru

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alilifungua bwawa la Owen Falls mjini Jinja, mahali Mto Nili unapotoka katika Ziwa Victoria. Maji yayo hayo yanayopiga gati la Kisumu na kuyabeba mashua ya wavuvi wa Dunga hayana mlango mwingine wa kutokea. Mito mingi huingia ziwani, Nyando, Sondu, Yala, Nzoia na Kuja, lakini unaotoka ni mmoja tu, nao hutokea Jinja. Mwaka uliofuata ilipatanwa kwamba Uganda itaiuzia Kenya umeme wa megawati 30 kwa muda wa miaka 50. Zikasimikwa nguzo kutoka Tororo, zikapita Lessos katika nchi ya Wanandi, zikapita Nakuru na Naivasha, hata zikafika Nairobi. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, taa za Nairobi zilikuwa zikiwaka kwa nguvu za maji ya ziwa letu.

Walimu wa historia hupenda kueleza ni nani aliyejenga bwawa lile na ni nani aliyelipa gharama. Hayo yana mahali pake. Mimi nataka msomaji ajiulize jambo ambalo si kawaida kuulizwa. Umeme ulioingia katika nyaya pale Tororo haukufika wote Nairobi. Sehemu moja ilipotea njiani, wala hapakuwa na mtu aliyeiiba. Ilikwenda wapi?

Ilikwenda hewani, ikawa joto. Umeme katika waya ni mwendo wa vijipande vidogo mno viitwavyo elektroni, na ndani ya shaba au alumini elektroni haziendi katika njia tupu. Mtu aliyekwisha kupita soko la Kibuye siku ya Jumapili, mzigo kichwani, anaijua hali yao. Kila hatua mbili hugongana na mtu, na kila kugongana kunampunguzia mwendo. Atomu za shaba nazo hazitulii. Joto huzitikisa usiku na mchana, na elektroni zinapozigonga huziachia sehemu ya nguvu zao. Waya hupata moto. Tabia hii ya waya kuupinga mkondo wa umeme ndiyo iitwayo ukinzani. Katika jiko la umeme au pasi twautaka ukinzani, maana bila huo chai haichemki wala shati halinyooki. Lakini katika laini ya mamia ya kilomita ukinzani ni kama mtoza ushuru aliyeketi katika kila nguzo, akitwaa kidogo kidogo kutoka kwa kila mzigo upitao.

Mafundi walipata hila ya kumpunguzia mtoza ushuru huyu mapato yake. Hasara ya joto hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, hasara huzidi mara nne, ukizidi mara tatu, hasara huzidi mara tisa. Basi ikiwa nguvu zile zile zaweza kupelekwa kwa mkondo mdogo na volti nyingi, hasara hupungua sana. Laini ya Tororo ilikuwa ya volti 132,000. Ukiilinganisha na laini ya volti 11,000, kama zile zipitazo vijijini, volti zimezidi mara 12. Mkondo unaohitajika hupungua hadi sehemu moja ya 12, na joto linalopotea katika waya ule ule hupungua hadi sehemu moja ya 144. Mwanafunzi na aifanye hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu yake. Akiisha kuifanya atajua sababu ya minara mirefu ya chuma na vikombe vya kauri vilivyoning'inia juu yake, na sababu ya kuweko transfoma kubwa pale Lessos.

Hata hivyo hila hiyo hupunguza tu. Haiondoi.

Pwani yetu ya ziwa iliwahi kuwa na machimbo ya shaba yake yenyewe. Huko Macalder, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Migori, shaba ilichimbwa pamoja na dhahabu, na katika miaka ya 1950 maporomoko ya Gogo ya Mto Kuja yalitiwa mtambo mdogo wa megawati 2 kwa ajili ya machimbo hayo. Machimbo yalifungwa mwaka wa 1966. Naitaja shaba ya Macalder kwa sababu madini haya yatatokea tena katika habari hizi, kwa sura ambayo wachimbaji wale hawakuiota.

Sasa hapana budi tuliache ziwa kwa muda na kwenda mbali, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, maana huko ndiko ilikoonekana kwa mara ya kwanza dalili kwamba ukinzani si sheria isiyovunjika. Katika chuo kikuu cha mji huo alikuwako profesa mmoja, Heike Kamerlingh Onnes, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kutafuta ubaridi. Tarehe 10 Julai 1908 alifaulu kuigeuza gesi ya heliamu kuwa kimiminiko, jambo lililokuwa limewashinda wote waliotangulia. Heliamu hugeuka kimiminiko ikifikia digrii 269 chini ya sifuri. Chini kabisa, kwenye digrii 273 na kitu chini ya sifuri, ndipo ubaridi unapokoma, kwa kuwa hapana joto tena la kuondoa.

Wataalamu wa siku zile walibishana ni jambo gani litakaloupata umeme katika ubaridi kama huo. Wengine walidhani ukinzani utapungua polepole. Lord Kelvin, mtu mwenye jina kubwa sana, alidhani elektroni zenyewe zitaganda na waya hautapitisha umeme kabisa. Kamerlingh Onnes hakubishana, alipima. Alichagua zebaki, kwa kuwa zebaki yaweza kusafishwa sana kwa kuichemsha na kuukusanya mvuke wake. Mnamo Aprili 1911 yeye na wasaidizi wake waliona kwamba ukinzani wa zebaki ulishuka taratibu kadiri ubaridi ulivyozidi, na mara, karibu na digrii 269 chini ya sifuri, ukatoweka. Haukuwa umepungua tu. Vyombo vyao havikuweza kuuona tena. Mwaka wa 1914 aliuanzisha mkondo katika duara la waya wa risasi uliopoozwa vivyo hivyo, kisha akaiondoa betri. Saa zikapita, na mkondo ukaendelea kuzunguka bila kusukumwa na kitu. Vitu vya namna hii wataalamu huviita superkondakta, yaani vipitishi vipitavyo vipitishi vyote.

Watu wa Leiden hawakukawia kufikiri juu ya sumaku kubwa na nyaya zisizopoteza kitu. Lakini superkondakta ya risasi, ikitiwa karibu na sumaku yenye nguvu, au ikibebeshwa mkondo mkubwa, huisahau tabia yake mara moja ikawa risasi ya kawaida. Iliwapasa watu kungoja hadi miaka ya 1960 ndipo zikapatikana mchanganyiko za metali ya niobiamu zinazoweza kustahimili. Katikati ya miaka hiyo yalipatikana mambo mawili ya kukumbukwa. Mwaka wa 1933 Wajerumani wawili, Meissner na Ochsenfeld, waliona kwamba superkondakta huzifukuza nguvu za sumaku kutoka ndani ya mwili wake. Na mwaka wa 1957 Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer, walieleza sababu ya yote. Elektroni ipitayo kati ya atomu huzivuta kidogo, kama mtu apitaye katika mafunjo ya kando ya ziwa anavyoyalaza, na njia iliyolazwa humvuta wa pili kumfuata. Elektroni hushikamana mbili mbili, na jozi zote huenda kwa hatua moja kama kikosi cha askari, hata atomu moja haiwezi kumtoa mmoja wao katika mstari. Hapo hakuna kugongana, na pasipo kugongana hakuna joto. Lakini fungamano hilo ni dhaifu, na joto dogo tu hulivunja. Kwa hesabu za siku zile ilionekana kwamba superkondakta haziwezi kamwe kuishi mbali sana na ubaridi wa heliamu. Hata kufikia 1973 kiwango cha juu kilichokuwa kimepatikana kilikuwa kama digrii 250 chini ya sifuri.

Heliamu ni ghali na ni adimu. Hospitali kubwa zinayo, kwa sababu mashine zile zinazopiga picha ya ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku nyingi hutumia nyaya za niobiamu zilizozamishwa katika heliamu. Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii: mwaka wa 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa nchini Tanzania kuna heliamu nyingi chini ya ardhi. Lakini haielekei kwamba mtu ataizamisha laini nzima ya umeme, kutoka mlima hadi mlima, katika kitu cha thamani kama hicho.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hata Januari 1986. Mwezi huo, katika maabara ya kampuni ya IBM huko Rüschlikon karibu na mji wa Zürich, Uswisi, Georg Bednorz na Alex Müller walipima kitu ambacho mtu wa kawaida asingekifikiria kuwa kipitishi. Hakikuwa metali. Kilikuwa kigae. Walikuwa wamechanganya unga wa lanthani, bariamu na shaba, wakautia katika tanuru pamoja na oksijeni ya hewa, kama mama mfinyanzi wa Nyanza anavyouchoma mtungi wake, na kilichotoka kilikuwa cheusi na chepesi kuvunjika. Kigae hicho kilianza kupoteza ukinzani wake kwenye digrii 238 chini ya sifuri. Wenyewe waliona haya kidogo kulitangaza jambo hili; katika kichwa cha makala yao waliandika kwamba ni jambo liwezekanalo tu. Lakini mwaka haujakwisha walipokuwa wamethibitishwa na wataalamu wa Tokyo, na mwaka wa 1987 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1987 Maw-Kuen Wu na wanafunzi wake katika jimbo la Alabama, wakishirikiana na Paul Chu wa Houston, waliiondoa lanthani wakatia itriamu mahali pake. Kigae chao kiliushinda ukinzani kwenye digrii 180 chini ya sifuri. Tarehe 18 Machi wataalamu wapatao elfu mbili walisongamana katika hoteli moja ya New York kusikiliza habari hizo, na wasemaji waliendelea mmoja baada ya mwingine hata usiku wa manane ukapita. Kwa nini furaha yote hiyo kwa ajili ya kitu ambacho bado ni baridi kuliko barafu mara nyingi?

Sababu ni nitrojeni. Nitrojeni ni sehemu 78 katika kila 100 za hewa tunayovuta, na hugeuka kimiminiko kwenye digrii 196 chini ya sifuri. Kabla ya 1987 hapakuwa na superkondakta iliyoweza kuishi katika ubaridi huo. Tangu hapo ziko, na kufikia 1993 ilipatikana moja, yenye zebaki ndani yake, iliyofikia digrii 140 hivi chini ya sifuri. Msomaji asidhani kwamba nitrojeni ya kimiminiko ni kitu cha Ulaya tu. Kituo cha kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe kilianzishwa Kabete mwaka wa 1946, na mbegu hizo leo hukaa katika nitrojeni. Mtaalamu wa mifugo apitaye Nandi, Vihiga au Nyando kwa pikipiki, akienda kumpandisha ng'ombe wa maziwa, hufunga nyuma yake mtungi unaofuka moshi mweupe akiufungua. Ndani ya mtungi huo mna ubaridi wa kutosha kukifanya kigae cha Houston kuwa superkondakta. Ubaridi wa Kamerlingh Onnes ulihitaji maabara nzima; ubaridi huu waenda kwa pikipiki hadi boma la mkulima.

Na tazama ni madini gani yaliyomo katika vigae hivyo vyote nilivyovitaja. Ni shaba. Shaba iliyo safi, ile ya kutengenezea nyaya, haigeuki kuwa superkondakta kamwe, hata ipoozwe namna gani. Lakini shaba iliyofungwa na oksijeni katika tabaka nyembamba ndani ya kigae hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kitu kingine chochote kilichopatikana kufanya kazi pasipo kugandamizwa.

Magazeti ya 1987 yaliahidi mengi. Garimoshi zitaelea juu ya reli, umeme hautapotea tena. Walisahau kwamba mtungi haupindiki. Mtu hawezi kuuvuta mtungi ukawa waya na kuuzungusha katika gurudumu la mbao, utavunjika. Ilichukua miaka mingi kujifunza kukipaka kigae, kwa unene ulio mdogo kuliko unywele, juu ya utepe wa metali, chembe zake zote zikielekea upande mmoja. Kazi hiyo imefaulu, lakini utepe huo ni ghali mno kushinda shaba. Mjini Essen, Ujerumani, kebo ya urefu wa kilomita moja ilianza kazi mwaka wa 2014, ikipozwa kwa nitrojeni, ikiweza kubeba megawati 40 kwa volti 10,000 tu. Mwishoni mwa 2021 Shanghai ilipata yake, ya kilomita 1.2. Hayo si madogo. Kebo nyembamba kama hiyo huingia katika mtaro chini ya mtaa uliojaa majumba, mahali ambapo hapana nafasi ya minara wala ya transfoma kubwa.

Kutoka hapo turudi Kisumu, tuone ahadi hiyo ina thamani gani kwetu. Umeme wetu mwingi hutoka mbali: Olkaria katika Bonde la Ufa, Turkwel huko kaskazini. Hukusanyika Lessos, kisha huteremka kupitia Muhoroni hadi Kisumu. Mtambo wa Sondu Miriu, wa megawati 60, ulioanza kazi mwaka wa 2008, ulitusaidia kwa kuwa uko karibu. Lakini nyaya za kutoka mashariki zilikuwa nyembamba kwa haja ya watu, hata ikabidi mtambo wa kuchoma mafuta upelekwe Muhoroni mwaka wa 2016 kuitegemeza sehemu hii ya magharibi, ilhali mvuke wa Olkaria ulikuwapo na ni rahisi zaidi. Mwenye kinu cha kusaga mahindi huko Ahero analipia mafuta hayo ndani ya hati yake ya umeme, naye huenda hajui kwamba analipia umbali. Baadaye ilijengwa laini ya volti 220,000 kati ya Lessos na Kisumu, na hiyo ni hila ile ile ya laini ya Tororo, volti zaidi na mkondo mdogo.

Je, superkondakta ingefaa badala yake? Kwa leo, hapana. Kebo ya namna hiyo sharti ipozwe kutwa kucha, watu wawe wanatumia umeme au wamelala, na mitambo ya kupoza yenyewe hula umeme. Katika mtaa wa mji mkubwa faida hushinda gharama. Katika vilima vya Nandi, ambako waya wa alumini hupoteza sehemu chache tu katika mia, gharama hushinda faida. Tena hesabu za miaka ya 2022 hadi 2024 zilionyesha kwamba karibu yuniti 23 katika kila 100 zilizonunuliwa kwa ajili ya kusambazwa nchini Kenya hazikufika kulipiwa. Sehemu ya hizo ni joto la laini kubwa. Nyingine nyingi hupotea katika nyaya ndogo ndefu za vijijini, katika transfoma zilizoelemewa, katika mita mbovu na waya zilizounganishwa kwa siri usiku. Kigae cha Houston hakimzuii mwizi.

Wapo wasioacha kutafuta superkondakta isiyohitaji ubaridi wowote. Mnamo Julai 2023 wataalamu fulani wa Korea ya Kusini walitangaza kwamba wameipata, na dunia nzima ikashtuka. Katika majuma machache wengine wakakipima kitu hicho wakaona si superkondakta. Mchanganyiko wa lanthani na hidrojeni ulipata kuonyesha tabia hii kwenye digrii 20 au 25 tu chini ya sifuri, kama ilivyotangazwa mwaka wa 2019, lakini ukiwa umegandamizwa kati ya almasi mbili kwa nguvu zaidi ya mara milioni moja kuliko za hewa. Na jambo ambalo huwastaajabisha wanafunzi wangu kuliko yote ni hili: maelezo ya 1957 hayatoshi kwa vigae vya shaba. Jozi za elektroni zimo, hilo limepimwa, lakini ni kitu gani kinachozifunga kwa nguvu hata zisivunjike katika joto hilo, wataalamu hawajapatana, ingawa miongo kadhaa imepita tangu 1986.

Kigae cha itriamu kama sarafu kubwa chauzwa kwa ajili ya mashule, na shule iliyo karibu na mtaalamu wa mifugo yaweza kumwomba nitrojeni kidogo. Madirisha yafunguliwe, na mwalimu avae miwani na glavu kavu. Kigae huwekwa katika kikombe kifupi kisichopitisha joto, nitrojeni humiminwa juu yake mpaka uchemkaji utulie, kisha sumaku ndogo huwekwa juu yake kwa koleo la mti. Sumaku haigusi kigae. Husimama hewani, karatasi yaweza kupitishwa chini yake, na ukiisukuma kwa ncha ya kalamu huzunguka. Nitrojeni ikiisha kuchemka, kigae hupata joto, na baada ya dakika chache sumaku hushuka na kulala juu yake.